Maji ya Kukamulia Ganzi

Asubuhi hiyo Subilaga aliona doa jeupe kwenye shina la tumbawe, na hakushtuka.

Alisogeza uso karibu na kioo. Doa lilikuwa dogo, sawa na ukucha wa kidole gumba, pale tumbawe liliposhikana na jiwe lake. Nyama yake ya rangi ya zambarau ilikuwa imebanduka na mfupa ukaonekana, mweupe kama chokaa. Juu ya doa ulining'inia ute mzito, mrefu, kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Haukuyumba wala haukukatika, kwa sababu maji ndani ya tangi yalikuwa karibu yamesimama kabisa.

Alijua maana yake. Yeye ndiye aliyefundishwa kulitunza tangi lile tangu lilipopandishwa Tukuyu kwa lori, limezungushiwa magodoro, na ndani yake tumbawe moja changa. Alijua kwamba tumbawe likianza kubanduka shinani, ugonjwa hupanda juu mpaka nchani. Alijua pia kwamba mtu aliyekilea kitu kwa muda wote huo, akaona kinaanza kufa, angepaswa kuhisi jambo fulani. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza iwapo mlango umegongwa. Kisha akachukua bomba la sindano lililotolewa sindano yake, akazamisha mkono, akauvuta ule ute.

Nje ya dirisha watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

Lilikuwa tumbawe la kutengenezwa. Watu wa maabara huko pwani walilipandikiza hata likatoa ute ambao tone moja, chini ya ulimi, huondoa maumivu bila kumlaza mtu usingizi. Watu waliuita ganzi. Vituo vya afya vya milimani vilipogawiwa matangi, kila kimoja na tumbawe lake, dawa za zamani za maumivu ziliacha kuletwa. Hapakuwa na haja. Chumvi ya bahari ilipanda kwa magunia, Subilaga akaikoroga na maji ya mvua, na mvua Tukuyu haikuwa kitu cha kutafuta.

Mwanzoni ganzi ilikuwa ya wenye majeraha na wanawake waliopasuliwa. Kisha ikagundulika kwamba haichagui maumivu. Mjane mmoja alipewa kwa ajili ya jino, akarudi nyumbani, akala chakula chote kilichokuwa sahanini, akaamka kesho yake na kwenda kuchuma chai. Majirani wakaona. Sasa foleni ya dirishani ilikuwa karibu yote ya watu waliofiwa, na ilikuwa foleni ya kimya kuliko zote mjini. Hakuna aliyesukuma. Mtu akirukwa, alingoja.

Subilaga alidondosha tone kinywani mwa mmoja, akafuta ncha ya bomba, akadondosha kwa mwingine. Katikati ya foleni alifika mumewe, Gwakisa, amevaa koti la mvua na mabuti ya shambani.

"Habari za kazi, Mama Ipyana."

"Nzuri, Baba Ipyana."

"Leo itanyesha mapema."

"Itanyesha."

Akafungua kinywa, akapokea tone lake, akaenda zake.

Ipyana alikufa mvua za mwaka uliotangulia, kwa homa ya mapafu, kwenye wodi ya kituo hikihiki. Watu waliendelea kuwaita wazazi wake kwa jina lake kwa kuwa ndivyo walivyozoea, nao waliitika. Baada ya mazishi, mvua haikukatika, na Gwakisa alianza kwenda kaburini na turubai. Alisema mtoto analowa. Siku moja alikwenda na jembe. Majirani walimkuta amefika kiunoni kwenye tope, anachimba, anaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anamhamishia mahali palipoinuka. Iliwabidi wanaume wazima wamshike mikono na miguu. Daktari Mwasandube alimpa ganzi siku hiyohiyo, na kabla jua halijazama Gwakisa aliuliza kama ndizi za kule bondeni zimekwisha kukatwa.

Kesho yake Subilaga alijidondoshea mwenyewe.

*

Bupe aliletwa siku ileile ya doa, amelazwa kifudifudi kwenye gari la kiwanda cha chai. Bomba la mvuke lilikuwa limepasuka nyuma yake. Mgongo wote, na miguu kwa nyuma mpaka magotini, ngozi ilikuwa imetoka. Alikuwa msichana mkubwa, fundi wa mitambo, mwenye sauti nzito. Alipofika alikuwa anatoa amri kuhusu namna ya kumbeba.

"Kila siku lazima tumsafishe na kubadilisha bandeji," Daktari Mwasandube alimwambia Subilaga. "Nahitaji bomba zima kila asubuhi. La ute mzito."

Subilaga alikamua. Ute ulitoka mwepesi, umechanganyika na maji, na chini ya bomba kulikuwa na vipande vidogo vya nyama ya zambarau. Alipeleka alichopata.

Hakikutosha. Nesi Tumpale alipoanza kubandua bandeji, Bupe alipiga kelele, na kelele ile ikapita ukutani mpaka chumba cha tangi. Subilaga aliisikia vizuri. Aliisikia jinsi mtu anavyosikia lori likipanda kilima: alijua ni lori, alijua linapanda.

Daktari alikuja baadaye, akanawa mikono yake kwa muda mrefu kwenye sinki la kona.

"Kwa nini mwepesi?"

Subilaga alichukua chembe za chakula cha tumbawe, akazinyunyiza juu ya maji. Zilishuka taratibu, wima, zikatua pale zilipoangukia.

"Unaona? Haziendi popote," alisema. "Tumbawe halina mapafu, Daktari, wala miguu. Hewa yake inaletwa na maji. Uchafu wake unaondolewa na maji. Kwenye ngozi yake pamegandana maji mavivu, kama utando. Maji yakitikisika, yakienda na kurudi, utando unakuwa mwembamba na tumbawe linapumua. Maji yakilala, utando unanenepa na linasongwa na uchafu wake lenyewe. Hapo ndipo linamwaga ute, lijisafishe."

"Ndiyo ganzi yenyewe."

"Ndiyo ganzi. Ni jasho la kitu kinachosongwa. Walipotufundisha walisema maji ya kukamulia, haya yaliyolala, yawe ya muda mfupi tu, kisha mawimbi yarudi. Watu wakaongezeka. Nikarefusha. Mawimbi sijayarudisha sasa hata sikumbuki tangu lini."

Kulikuwa na pampu mbili, moja kila upande wa tangi. Zilitakiwa kupokezana: ya kulia isukume huku ya kushoto inapumzika, kisha zibadilishane, ili maji yagongane katikati na kuvurugika. Sasa moja ilikuwa imezimwa, na nyingine ilinong'ona tu ili maji yasioze.

"Ziwashe basi," Daktari alisema.

"Nikiziwasha kwa nguvu leo, maji yatalipiga upande mmoja nyama yote ichunike. Inatakiwa polepole. Kidogo leo, kidogo kesho. Na likishapata mawimbi, haliwezi kutoa ute mwingi. Asubuhi naweza kulituliza kidogo, nikapata bomba moja. La Bupe. Basi."

"Na wale wa dirishani?"

"Hakuna."

Daktari Mwasandube alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, ambaye zamani watu walimwogopa kwa hasira zake.

"Wape maji ya chumvi," alisema. "Ladha ni ileile. Ganzi itawatoka polepole, wengine watadhani ni hali ya hewa. Hutakuwa na fujo dirishani."

"Ni kuwadanganya."

"Ni kuwadanganya," alikubali, kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza pamba. "Inakusumbua?"

Subilaga alijaribu. Aliweka mambo mawili mbele yake: kelele ya Bupe upande huu, na upande ule Gwakisa topeni na jembe lake. Alitaka kujua lipi zito. Alijua kuyataja yote mawili. Hakuna lililokuwa na uzito wowote.

"Hapana," alisema. "Wewe je?"

"Hapana."

Walitazamana. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, yeye mwenyewe ndiye aliyemwekea Daktari tone lake kwenye kijiko, tangu mkewe alipozikwa. Nesi Tumpale alikuwa na lake pia.

"Daktari, humu ndani nani anaweza kuamua?"

Nje mvua ilianza kugonga bati, na Daktari akaenda kutazama wagonjwa wake.

Siku hiyo Subilaga hakujidondoshea. Hakufanya hivyo kwa ushujaa, maana ushujaa nao ulikuwa kati ya vitu asivyokuwa navyo. Aliona tu kwamba anahitaji kupima kitu na chombo cha kupimia kimeharibika, na njia ya kukitengeneza anaifahamu.

*

Jioni alipika ndizi na maharage. Gwakisa alikula kama alivyokula kila siku, bila haraka, bila kusifia.

"Baba Ipyana, ganzi inakwisha," Subilaga alisema. "Tumbawe linakufa. Nikilirudishia mawimbi litapona, lakini itakayopatikana ni ya yule dada wa kiwandani tu, aliyeungua. Ninyi wa dirishani mtakosa."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Pengine mpaka mavuno ya chai. Pengine zaidi."

"Basi mpe yule dada," alisema Gwakisa, akaongeza chumvi kwenye maharage.

"Unakumbuka ulivyokuwa?"

"Nakumbuka. Nilikuwa nachimba."

"Yatarudi."

"Yatarudi," aliitikia. "Lakini yeye ameungua, Mama Ipyana. Mpe."

Lilikuwa jibu zuri. Mchungaji angelisimulia kanisani. Na Subilaga, ambaye ndani yake bado kulikuwa kimya, aliona jambo moja tu kuhusu jibu lile: kwamba Gwakisa alilitoa jinsi anavyotoa kiti kwa mgeni. Halikumgharimu kitu. Akajiuliza kama ahadi iliyotolewa na mtu asiyeumwa inaweza kumfunga mtu yuleyule akishaanza kuumwa. Aliliuliza swali hilo na kuliacha mezani, akaosha vyombo.

Kesho yake alifungua dirisha akawaambia watu ukweli. Hakuchagua kusema kweli kwa sababu uongo ulimchukiza. Aliona tu kwamba maji ya chumvi hayawezi kurudishwa kinywani mwa mtu, ilhali neno la kweli, akija kugundua baadaye kwamba amekosea, anaweza kuliombea radhi.

Walimsikiliza. Wengine waliuliza siku ya kurudi. Wengine walisema "ndaga" kama wanaomshukuru kwa tone, wakageuka. Bibi mmoja aliyewahi kuzika wanawe wawili kwa mpigo alishika ukingo wa dirisha.

"Itaanza kuuma lini, mwanangu?"

"Kesho kutwa, nadhani."

"Haya," alisema bibi. "Nitafua leo basi."

*

Kwa Subilaga ilianzia mikononi.

Alikuwa ameingiza mkono tangini kusafisha mdomo wa pampu, akagundua kwamba maji ni ya vuguvugu. Alikuwa akiyapima kila asubuhi kwa kipimajoto na kuyajua kwa tarakimu. Sasa yalimzunguka kifundo cha mkono, laini, na joto lake lilikuwa joto la mwili. Aliutoa mkono haraka kama aliyegusa kitu cha mtu.

Baada ya hapo ilikuja harufu. Dawa ya kusafishia sakafu, ileile waliyotumia wodini mvua zile. Alikuwa ameipita kila siku. Siku hiyo alipofika mlangoni mwa wodi alisimama na ndoo mkononi mpaka Nesi Tumpale akaja kumpokea. Nesi mwenyewe macho yalikuwa yamevimba.

Mjini watu walikuwa wanalia. Hawakulia pamoja kama msibani, bali mmoja hapa, mwingine pale, wakiwa katikati ya shughuli. Mwanamume aliyekuwa anapima viazi sokoni alikaa juu ya gunia na kufunika uso, na wateja wakamngoja. Bibi aliyefua nguo alilala siku nzima. Daktari Mwasandube alimfokea mtu wa maabara ya kituo mpaka koo likakauka, kisha akaenda kusimama nyuma ya jengo, peke yake, kwenye mvua. Wengine walikuja dirishani kwa hasira, wakagonga, wakatukana. Mmoja alirusha jiwe. Subilaga aliokota vioo, akajikata, akatazama damu huku akiumwa.

Na tumbawe lilikuwa linapumua. Kila asubuhi aliongeza nguvu ya pampu kidogo. Kulia, kimya, kushoto, kimya. Chembe za chakula sasa hazikushuka wima. Zilizunguka, zikapanda, zikagongana, na vinywa vidogo vya tumbawe, ambavyo kwa muda mrefu vilikuwa vimejifungia, vilitoka kimoja kimoja na kuanza kuyumba, huku na huko, vikizidaka. Doa lilikuwa palepale, ila kingo zake hazikuendelea kubanduka.

Kabla ya kila usafishaji wa Bupe alituliza maji kwa muda mfupi, akakamua bomba moja. Ute ulikuwa mzito tena. Nesi alipobandua bandeji, kilichopita ukutani ilikuwa sauti ile nzito ikiuliza kama kiwandani wameshapata bomba jipya, na la inchi ngapi.

Gwakisa alikuwa amehama kitandani. Alilala jikoni, karibu na moto, au hakulala. Hakumsemesha mkewe. Mchana alikaa kibarazani anatazama mvua.

*

Asubuhi moja Subilaga alimkuta chumba cha tangi, alipotoka kupeleka mashuka wodini.

Pampu zote mbili zilikuwa zimezimwa. Gwakisa alisimama mbele ya kioo, mkono mmoja umezama mpaka kwenye kiwiko na koti limelowa, ameshika bomba la sindano. Alikuwa ameshakamua kiasi. Tumbawe lilikuwa limejikunja lote, limekuwa dogo kama ngumi.

"Toa mkono," Subilaga alisema.

"Ngoja kidogo tu."

"Baba Ipyana, unaliua. Toa mkono."

Aliutoa. Bomba alilitia mfuko wa koti. Uso wake ulikuwa umekonda kwa siku zile chache, ndevu zimeota ovyo.

"Nyumbani siwezi kukaa," alisema. "Nikisikia mvua kwenye bati nasikia... Mama Ipyana, mimi siwezi. Nipe. Tone moja kwa siku. Nusu."

"Ni ya Bupe. Nilikuuliza, ukasema nimpe."

"Si mimi niliyesema!" Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akipaza sauti. "Yule hakuwa anaumwa. Mtu asiyeumwa anaweza kumpa yeyote chochote. Ulimuuliza yule kwa sababu ulijua atakubali. Mimi ndiye baba yake mtoto. Niulize mimi."

Alikuwa na haki. Subilaga aliliona hilo wazi, na lilimchoma, na alipotazama ndani yake safari hii vitu vyote viwili vilikuwa na uzito, vizito kupita nguvu zake: msichana aliyelala kifudifudi chumba cha pili, na mtu huyu.

"Haya," alisema. "Nakuuliza wewe."

"Nataka ganzi."

"Na Bupe?"

"Simjui Bupe!"

"Yuko hapo. Anasafishwa sasa hivi, Nesi anangoja. Kamwambie wewe mwenyewe."

Gwakisa hakusogea. Alimtazama mkewe kama anayemtafutia jeraha.

"Nilikwambia mtoto tumpeleke Mbeya," alisema.

"Uliniambia."

"Nilikwambia hapa hawamwezi. Ukasema barabara imekatika."

"Ilikuwa imekatika."

"Tungembeba!"

"Mvua ile, Gwakisa? Angefia mgongoni mwako."

"Basi angefia mgongoni mwangu!"

Hawakuwa wamewahi kuyasema hayo. Mtoto alipozikwa Gwakisa alikuwa anazungumza habari za turubai tu, na baada ya hapo wakazungumza habari za ndizi. Subilaga alishika ukuta. Sauti ilimtoka, fupi, mbaya, ambayo hakuijua kuwa ni yake.

"Tungembeba," alisema. "Kweli. Tungembeba."

Alinyoosha mkono kuiwasha pampu ya kulia. Gwakisa alimkamata kifundo cha mkono. Vidole vyake viliuma. Walisimama hivyo, maji yamelala, ute unaanza kuning'inia kwenye kingo za doa. Kisha akamwachia. Alikaa juu ya ndoo ya chumvi na kuinamisha kichwa mpaka magotini, na mgongo wake ukaanza kuruka. Subilaga aliiwasha pampu kwa nguvu ndogo. Akachuchumaa pembeni yake. Aliweka kiganja juu ya mgongo ule na kukiacha hapo.

Mlango uligongwa.

"Mama Ipyana." Alikuwa Nesi Tumpale. "Bandeji nimeshaanza kuzilowanisha. Ipo tayari?"

"Bado kidogo, Nesi."

Akasimama, akachukua bomba jingine, akaingiza mkono. Miezi yote ile mkono wake ulikuwa umetulia kama chuma. Sasa ulitetemeka. Ncha ya bomba iligusa vinywa vya tumbawe na vyote vikajifungia mara moja. Alingoja vifunguke, akajaribu tena, akagusa tena.

"Siwezi," alisema.

Gwakisa alinyanyuka. Alijifuta uso kwa mkono wa koti, akaja nyuma yake, akamshika kiwiko kwa viganja viwili.

"Egemea hapa," alisema. "Pampu nifanyeje?"

"Punguza. Usizime, punguza tu. Hiyo ya kulia."

Alipunguza. Maji yalitulia taratibu, tumbawe likasita, kisha utando wa ute ukaanza kujikusanya kwenye nundu zake. Gwakisa alikuwa anatetemeka na yeye, mtetemo wake ukaingia kwenye kiwiko cha Subilaga, na ute ukakatika mara mbili njiani ikabidi warudie. Bomba lilijaa nusu. Tumbawe halikuwa na zaidi. Mwingine ulikuwa umekwisha kuchukuliwa.

Nesi aligonga tena. Subilaga akafungua, akamimina kilichokuwepo kwenye kikombe chake.

"Ni nusu tu?" Nesi aliuliza.

Subilaga hakugeuka kumtazama mumewe. Alisikia viatu vya shambani vikisogea sakafuni. Gwakisa alipita mbele yake. Alitoa bomba mfukoni mwa koti, akalishika juu ya kikombe, na kwa muda hakusukuma. Kidole gumba kilikuwa kimekuwa cheupe. Kisha akasukuma, lote, mpaka likatoa hewa.

"Ndaga, Baba Ipyana," alisema Nesi, akaondoka haraka.

"Kesho nitakuja tena," Gwakisa alisema. Alikuwa anautazama mlango. "Usinisifu. Sijui kesho nitakuwa mtu wa namna gani. Tafuta kufuli."

"Nitatafuta."

"Na ufunguo usiuweke nyumbani."

"Sitauweka."

Subilaga akamwonyesha jinsi ya kuyarudisha mawimbi. Kulia kidogo, ngoja, kushoto kidogo. Chembe zilizolala chini zikainuka.

*

Waliondoka pamoja, mvua ikiwa imekuwa manyunyu. Hawakuwa na mwavuli. Walipanda njia ya kanisani wakiwa wamelowa, kila mmoja amejikunyata kivyake, na walipofika penye ua wa mzee Mwaipopo, Gwakisa alisimama.

"Hapa ndipo alipofukuzwa na yule jogoo," alisema. Sauti ilikuwa imechakaa kwa kulia. "Alikuja nyumbani kiatu kimoja."

"Hakuwa jogoo," Subilaga alisema.

"Jogoo. Yule mwekundu."

"Bata mzinga. Mwaipopo alikuwa na bata mzinga wakati ule. Kiatu mimi ndiye niliyekifuata, nilimwona kwa macho yangu amekikalia."

"Bata mzinga alikuja baadaye, mwaka wa pili. Ipyana alisema jogoo."

"Ipyana alikuwa na miaka mitatu, kila ndege kwake ni jogoo!"

Gwakisa aliendelea kutembea. Baada ya hatua chache alianza tena, kwamba anakumbuka manyoya, kwamba mtoto alikuja na unyoya mwekundu ngumini na hakutaka kuutoa hata kuoga. Subilaga akasema unyoya ule ulikuwa wa siku nyingine kabisa. Walibishana hivyo mpaka nyumbani, wanalia, wanakatana maneno, wote wawili wakiwa na hakika.